Je, Ni Vibaya Kusoma Hadithi za Kauboi?



Dominika moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa hapa kwetu Golf, mjini Lubumbashi, aliningoja mlangoni pa kanisa. Mkononi alishika kitabu kidogo, jalada lake limechanika, na juu yake picha ya mtu aliyepanda farasi, kofia pana kichwani, bastola kiunoni. Akaniambia: "Mwalimu, hiki nimekikuta chini ya mto wa mtoto wangu. Daftari lake la katekisimu limejaa vumbi, lakini hiki chalala naye kitandani. Niambie, nikitie motoni?"

Nilikipokea, nikakigeuza huku na huku. Nikaona haya, kwa maana kitabu kile nilikijua vizuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwazima yule kijana.

Nikamwambia mama ukweli. Akanitazama kwa muda, kisha akacheka, akasema: "Basi Mwalimu, kama ni wewe, utanijibu vizuri. Je, ni dhambi au si dhambi?" Nikamwomba amrudishie mtoto kitabu akimalize, nami nikaahidi kujibu. Jumanne jioni kijana akaja kwenye mafundisho, akanipa kitabu kwa mikono miwili, akauliza: "Mwalimu, nimekimaliza, lakini jambo moja limenishinda. Kama Shane alikuwa mtu mwema, na wote nyumbani mle walimpenda, mbona aliondoka?"

Swali la mama lilikuwa jepesi. Swali la mtoto ndilo lililonikesha. Leo nitajaribu kuyajibu yote mawili, kwani najua wako wazazi wengi wenye shaka hiyo hiyo, na wako watu wazima wasomao vitabu hivi kwa kujificha, kana kwamba wanaiba sukari.

Vitabu hivi ni vya namna gani?

Kwa wale wasiovijua, nitaeleza kwa ufupi. Mwaka 1860, mjini New York, nyumba ya vitabu ya Beadle ilianza kuuza hadithi ndogo kwa senti kumi kila moja. Kila kitabu kilikuwa na kurasa mia hivi, za karatasi hafifu, nacho kiliingia mfukoni bila taabu. Cha kwanza kiliandikwa na mwanamke, Ann Stephens, nacho chasimulia habari za mwanamke mwenyeji wa Marekani aliyeolewa na mwindaji Mzungu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, askari walivisoma kambini jioni. Mwaka 1869 mwandishi aliyejiita Ned Buntline alimchukua mtu wa kweli, William Cody, akamfanya shujaa wa hadithi zake. Huyo ndiye Buffalo Bill, na jina lake litarudi tena katika maneno yangu.

Tangu hapo hadithi za namna hiyo hazikukoma. Zilivuka bahari, zikageuzwa katika lugha nyingi, hata zikatufikia sisi kwa Kifaransa. Hapa Lubumbashi twazipata kwa wauza vitabu wanaotandaza mali yao chini, kando ya njia: kurasa zimekuwa manjano, na ndani mna jina la mtu aliyekinunua kwanza, pengine miaka hamsini iliyopita. Bei yake haipiti sana bei ya mkate.

Hadithi zenyewe zafanana kama ndugu. Kuna bonde, kuna wakulima wanyonge, kuna tajiri wa ng'ombe atakaye kuwafukuza. Halafu aja mtu mmoja asiyejulikana, amepanda farasi, hasemi sana. Twajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba mwishoni risasi zitalia na mwovu ataanguka. Wenye elimu kubwa huvicheka vitabu hivi kwa sababu hiyo. Husema: kuna faida gani kusoma jambo ulijualo mwisho wake?

Raha yake

Mimi nawajibu hivi: nendeni mkamwulize bibi wakati wa jioni. Mtoto ajua vizuri kwamba Sungura atamshinda Fisi. Amekwisha sikia mara ishirini. Hata hivyo husema: "Bibi, tuambie tena." Mtoto hana haja ya kushangazwa na mwisho. Ataka kuona njia itakayotumiwa safari hii, na ataka kuketi karibu na sauti anayoiamini. Raha ya hadithi fupi ya kauboi ni raha hiyo hiyo.

Tena ni kitabu cha jioni moja. Jioni nyingi umeme hukatika kwetu, ndipo mke wangu awasha mshumaa, watoto wakalala, nami nafungua ukurasa wa kwanza. Mshumaa ukaribiapo kwisha, kitabu nacho chakaribia kwisha. Kitabu kikubwa chataka wiki tatu na kichwa kisicho na uchovu. Hiki kidogo chakukubali jinsi ulivyo.

Na ndani yake vitu ni vitu. Farasi ana kiu, maji yako umbali wa nusu siku. Mtu apika kahawa na maharagwe juu ya moto, na wewe wasikia harufu yake. Tandiko likikatika ukanda, hapana budi lishonwe. Sisi tunaokaa mjini siku nzima kati ya karatasi, mihuri na foleni twapumzika tukimwona mtu afanyaye kazi kwa mikono yake na kuona tunda la kazi hiyo kabla ya jua kuchwa.

Lakini raha iliyo kubwa kuliko zote, kwangu mimi, ni kwamba kitabu kinakwisha. Kazi ya katekista haina ukurasa wa mwisho. Asubuhi nasuluhisha mtu na mkewe, jioni wamegombana tena. Namzika mzee leo, kesho ndugu zake wanaanza kushindania nyumba. Mtoto amefukuzwa shule kwa karo. Tunachanga, analipiwa, mwezi unaofuata amefukuzwa tena. Sinung'uniki, ndiyo kazi niliyoikubali. Lakini mtu ahitaji kuona, walau kwa saa mbili, jambo moja lililoanza na kumalizika.

Nilipokuwa seminarini nilisoma kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na pumziko lake ni mchezo na furaha yenye kiasi. Naye asimulia kisa cha kale cha Mtakatifu Yohane Mtume. Watu walikwazika walipomwona akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, kisha mwingine, na mwingine. Akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Akajibu: upinde utavunjika. Yohane akasema kwamba roho ya mtu ni vivyo hivyo.

Basi raha yenyewe si dhambi. Lakini watakatifu walijua pia hatari yake. Mtakatifu Teresa wa Avila, katika kitabu cha maisha yake, aungama kwamba alipokuwa kijana alipenda mno vitabu vya mashujaa wapanda farasi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa hadithi za kauboi za siku zile. Alivisoma pamoja na mama yake, wakimficha baba. Na Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipovunjwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521, aliomba vitabu vya namna hiyo hiyo ili apoteze wakati kitandani. Nyumbani mle havikuwamo. Akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu, na maisha yake yakageuka. Lakini tusisahau kwamba vitabu vile vya kwanza ndivyo vilivyomfundisha kutamani jambo kubwa. Neema ilikuta tamaa hiyo ikaielekeza kwingine.

Ni hekaya, si historia

Msomaji apaswa kujua pia kwamba wengi walioandika hadithi hizi hawakuyaona waliyoyasimulia. Mjerumani Karl May, aliyezaliwa mwaka 1842, aliandika habari za Winnetou, jemadari wa Waapache, katika vitabu vilivyotoka mwaka 1893. Yeye mwenyewe alifika Marekani mara ya kwanza mwaka 1908, amekuwa mzee. Ujanani alikuwa amefungwa kwa wizi na udanganyifu. Katika gereza la Waldheim, kati ya mwaka 1870 na 1874, katekista Mkatoliki wa gereza, jina lake Johannes Kochta, alimtendea kwa wema, akamwachia kupiga kinanda wakati wa ibada, ingawa Karl May alikuwa Mprotestanti. Wema huo hakuusahau. Winnetou wake, akifa, asikiliza wimbo wa Ave Maria na kusema kwamba yeye ni Mkristo. Kila nisomapo ukurasa ule namkumbuka katekista yule wa gerezani, ambaye hakujua mbegu yake itaota wapi.

Hata Jack Schaefer, aliyeandika Shane, kile kitabu cha chini ya mto, alikuwa hajafika nchi za magharibi alipokiandika. Kitabu kilitoka mwaka 1949. Basi tuvisome vitabu hivi kama tusikilizavyo hekaya. Tukidhani ni historia, vitatudanganya.

Shane

Sasa nitasema habari za kitabu hicho, kwa kuwa kwacho twaweza kupima vingine vyote. Kwa Kifaransa chaitwa L'Homme des vallées perdues. Ni kifupi. Msimulizi ni Bob Starrett, akumbukaye alipokuwa mtoto katika bonde la Wyoming, mwaka 1889.

Mgeni afika amepanda farasi, aomba maji. Baba yake Bob, Joe, amkaribisha chakula, halafu amwomba akae awasaidie kazi ya shamba. Mgeni ni Shane. Bastola anayo, lakini ameizungushia blanketi, haivai. Twangoja aitoe. Mwandishi hatupi haraka hiyo. Kwanza atupa kisiki.

Mbele ya zizi la Joe kuna kisiki kikubwa cha mti mgumu, ambacho amepigana nacho kwa muda mrefu bila kukishinda. Shane, ili kulipa wema wa chakula, achukua shoka na kuanza kukata mizizi. Joe naye achukua shoka lake. Wawili wale wafanya kazi upande kwa upande, jasho lawatoka, hawasemi neno. Mama wa nyumba awaambia watumie farasi kukivuta, wao wakataa. Mwisho kisiki chang'oka. Kurasa zile hazina risasi hata moja, lakini ndizo nizipendazo kuliko zote. Kila mtu aliyepata kung'oa kisiki pamoja na jirani yake ajua ya kuwa urafiki wa namna hiyo hauhitaji maneno.

Halafu shida yaja. Fletcher, tajiri wa ng'ombe, ataka bonde zima, aleta muuaji wa kukodiwa, na mkulima mmoja auawa. Joe ataka kwenda kupigana, na twajua kwamba akienda atakufa. Shane ampiga Joe kichwani azirai, ili asiende, naye aenda mahali pake. Awaua wote wawili, mwovu na mtumishi wake, naye mwenyewe ajeruhiwa. Kisha apanda farasi, aondoka, wala harudi tena.

Hapo ndipo mtoto wetu alipouliza: mbona aliondoka?

Bunduki ikimaliza kazi yake

Nimewaza sana, na jibu langu ni hili. Shane aliondoka kwa sababu alijua kwamba aliyeua, hata kama ameua ili kuwaokoa wengine, hawezi kukaa katikati ya watoto kama kwamba hakuna lililotokea. Aliichukua bastola na alama yake, akavitoa katika bonde. Hakutaka Bob aikue akiitazama. Hakuomba ujira wala heshima, na hakujifanya mkubwa wa bonde mahali pa Fletcher.

Mkipenda kupima hadithi ya kauboi kama ni njema au ni mbovu, msitazame ni watu wangapi waliouawa. Tazameni bunduki yafanya nini baada ya vita. Katika hadithi mbovu, shujaa apuliza moshi wa bastola, acheka, aoa binti mzuri, nasi twafunga kitabu tukitamani bastola kama yake. Katika hadithi njema twafunga kitabu kwa uzito kidogo moyoni, tukiwakumbuka waliobaki.

Kwetu sisi jambo hilo si mchezo. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, ambayo tangu mwaka 1966 yaitwa Kinshasa, waliona sinema za kauboi wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa kama makauboi, wakaunda lugha yao, Hindubill. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika miji ya shaba ya Zambia, watazamaji walimwita kila kauboi wa sinema "Jeke". Mwanahistoria Didier Gondola, katika kitabu chake cha mwaka 2016 juu ya Bills, aonyesha ushujaa na uchangamfu wao, lakini pia ngumi zao, na jinsi wasichana walivyoumizwa. Walijifunza kwa kauboi jinsi ya kutembea na kutisha. Kuondoka hawakujifunza.

Padre mmoja wa Scheut, Jozef de Laet, hakuwafukuza wala hakuwalaani. Alijifunza lugha yao, akaingia kati yao, hata wakamwita Père Buffalo. Hakuanza kwa kuwanyang'anya shujaa wao. Mimi namkumbuka kila mzazi aniulizapo kama achome kitabu.

Nasi wa Lubumbashi tuna kumbukumbu yetu. Mwezi wa Aprili 1997 majeshi ya AFDL yaliingia mji huu. Nilikuwa mtoto mdogo. Niliwaona njiani askari tuliowaita kadogo, watoto waliobeba bunduki karibu kulingana na kimo chao. Sisi watoto tuliwatazama kwa wivu. Mmoja alipita karibu na ua wetu, akaomba maji, mama akampa kikombe. Baada ya kunywa alisema "Asante, mama," kwa sauti ya mtoto. Wivu wangu ukaisha siku ile ile. Bunduki iliyosema imekuja kutuokoa haikupanda farasi ikaenda zake. Imebaki katika nchi yetu, hasa mashariki, hata leo. Kwa hiyo nilipomjibu kijana wangu sikuwa nikieleza kitabu tu.

Aliyeachwa nje ya hadithi

Sasa niseme kosa la vitabu hivi, hata vile vilivyo bora. Bonde la Shane ni zuri, lakini msomaji wa Katanga lazima aulize: kabla ya Joe na kabla ya Fletcher, nchi ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mataifa yenye majina: Washoshone, Waarapaho, Wacheyenne, Walakota na wengine. Katika hadithi nyingi hao hutokea juu ya kilima wakipiga kelele, kisha huanguka. Waitwa Wahindi Wekundu, jina walilopewa kwa kosa la baharia aliyedhani amefika Bara Hindi.

Shane aingia bondeni mwaka 1889. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Desemba 1890, mahali paitwapo Wounded Knee, askari wa Marekani waliua Walakota zaidi ya 150, wanaume, wanawake na watoto. Katika siku zile alikuwapo kijana mmoja Mlakota, Black Elk. Huyu alikuwa amekwenda Ulaya na onyesho la Buffalo Bill, akacheza ngoma mbele ya Malkia Viktoria mwaka 1887, akarudi kwao mwaka 1889. Kwa hiyo, mwaka ule ule ambao mtu wa hekaya aliingia Wyoming amepanda farasi, mtu wa kweli alirudi kwa watu wake wenye njaa.

Na je, mwajua alikuwa nani baadaye? Tarehe 6 Desemba 1904, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, alibatizwa akaitwa Nicholas. Akawa katekista. Alifundisha kwa lugha ya watu wake, akaeleza kwa picha ndefu ya Njia Mbili, akasafiri kwa mataifa mengine ya wenyeji kuwahubiri, akafa mwaka 1950. Mwaka 1932 kilitoka kitabu kilichomfanya ajulikane duniani, lakini hata hicho kilisimulia ujana wake na kunyamaza juu ya miaka yake ya ukatekista. Mwaka 2017 jimbo la Rapid City lilifungua shauri la kumwombea atangazwe mtakatifu. Mimi nilisoma hadithi za kauboi kwa miaka mingi kabla sijajua kwamba yule mtu wa juu ya kilima, asiye na jina, angeweza kuwa katekista kama mimi, mwenye daftari na rozari.

Buffalo Bill naye alibatizwa Mkatoliki tarehe 9 Januari 1917, akafa kesho yake. Mungu ana njia zake za kumalizia hadithi.

Kwetu pia mambo kama hayo yalitokea. Tarehe 20 Desemba 1891, mwaka mmoja baada ya Wounded Knee, huko Bunkeya, msafara wa Kapteni Stairs uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili ulimwua Mwami Msiri. Aliyempiga risasi, Bodson, naye aliuawa. Msiri mwenyewe alikuwa mgeni aliyetoka mashariki, na utawala wake ulikuwa mkali. Hatuna haja ya kumfanya malaika. Lakini daktari wa msafara, Moloney, aliandika kitabu cha safari ile, kikatoka mwaka 1893, mwaka wa Winnetou. Ukikisoma waona safari ya mashujaa. Ukikaa Bunkeya waona wageni wenye bunduki walioingia katika boma la mtu. Sisi tuliozaliwa katika nchi ya shaba twaweza kuzisoma hadithi za kauboi kwa macho mawili: jicho moja pamoja na mpanda farasi, jicho moja ndani ya nyumba anayoikaribia.

Jibu kwa mama

Basi, Mama yangu, nakujibu sasa. Usikichome. Mwache mtoto asome, lakini fanya mambo matatu.

Kwanza, kisome nawe, au mwambie akusimulie. Hadithi isemwayo mezani haiharibu kama ile ifichwayo chini ya mto. Mtakatifu Teresa na mama yake walisoma wakimficha baba, na kule kujificha nako ni sehemu ya ubaya alioungama.

Pili, mwulize maswali mawili kila amalizapo: bunduki ilifanya nini baada ya vita? Na ni nani aliyeachwa nje ya hadithi? Akijua kuuliza hayo, atauliza pia juu ya sinema, juu ya nyimbo, hata juu ya maneno ya wakubwa wanaokuja kutafuta kura.

Tatu, daftari la katekisimu lipanguswe vumbi. Raha ni pumziko la kazi. Asiyefanya kazi hana cha kupumzikia. Hapo kosa ni langu pia, kwa maana nilimwazima kitabu bila kumwuliza kama amejifunza somo lake. Nimekwisha mwambia: sura moja ya katekisimu, halafu kauboi.

Na jibu la mtoto? Nilimweleza juu ya bastola na juu ya wale kadogo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini Mwalimu, ile nguzo ilibaki." Nilikuwa nimeisahau nguzo. Mwishoni mwa kitabu, Joe amekata tamaa, ataka kuhama bonde, kwani Shane hayupo. Mkewe, Marian, ampeleka kwenye zizi, amwambia aitikise nguzo ambayo Shane aliisimika. Joe aisukuma kwa nguvu zake zote. Haitikisiki. Ndipo wakakaa.

Katika kitabu chote mtoto wa miaka kumi na mitatu alishika nguzo, nami nilikuwa nimeshika bastola. Bastola iliondoka bondeni. Kilichobaki ni kazi ya mikono, shimo lililochimbwa vizuri na mti uliosimama wima. Nadhani ameelewa kuliko mimi. Wiki ijayo nitamwazima kitabu kingine, akishanisomea amri kumi bila kukwama.

Mungu awabariki ninyi nyote, na nyumba zenu.